Mguu wa Lorraine

Majirani wenzangu, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali na kilima chetu, naomba mnisikilize. Yaliyowapata akina Hruska yangeweza kuipata nyumba yoyote yenye gereji na mtu asiyependa kuulizwa.

Jumamosi ile ya Mei, kilima cha Cutler kilikuwa kimetulia. Mashine za kukatia majani zilinguruma kwa mbali, redio ilikuwa ikitangaza mechi ya besiboli, na Delbert Hruska alikuwa amelala chali chini ya gari lake, miguu tu ikionekana. Mkewe Lorraine alikaa kwenye kiti cha dereva, kikombe cha kahawa mkononi, akisubiri kuambiwa akanyage. Ungewaona ungesema: hawa wawili wana amani.

Gari lenyewe lilikuwa Chevelle ya mwaka 1967, rangi ya bluu, injini ya silinda nane, na mngurumo uliotikisa vikombe kabatini mwetu. Delbert, fundi wa kiwanda cha mabomba, alilinunua likiwa kutu tupu, akalifufua kwa miaka sita. Kitu kimoja tu alikiacha kama kilivyokuwa: breki za ngoma. Kisha vuli iliyopita, akishuka mtelemko wa Mtaa wa Kanisa, ngoma zile zilipata joto mpaka zikakataa kushika, akaponea kwenye uzio wa watu. Siku hiyohiyo aliapa kufunga breki za diski magurudumu ya mbele, zile ambazo kalipa, yaani koleo la chuma, hubana sahani inayozunguka na gurudumu. Nataka niseme wazi: uamuzi ule ulikuwa wa busara. Gari lenye nguvu ya kukimbia lazima liwe na nguvu ya kusimama. Ubaya haukuwa kwenye breki.

Ubaya ulikuwa hapa. Katika klabu ya magari ya zamani ya mji wetu, mtu akigusa breki au usukani, humwita mwenzake aje akague kabla gari halijatoka barabarani. Hakuna mahali ilipoandikwa. Ni desturi tu. Mara nyingi anayeitwa ni mzee Otis Pruitt, aliyetengeneza breki za malori maisha yake yote. Delbert hakumwita. Kwenye maonyesho, kila gari huwekewa kadi kiooni inayoeleza kazi iliyofanyika, naye alitaka kadi yake iseme kwamba hakuna mkono mwingine uliogusa breki zile. Lorraine alipomkumbusha desturi, alijibu kwamba alishapita umri wa kutafutiwa yaya.

Hata hivyo kuna kazi moja ya breki inayomshinda mtu mwenye mikono miwili tu. Ukifungua mabomba ya mafuta ya breki, upepo huingia, na lazima utolewe. Mmoja hukaa ndani akikanyaga pedali, mwingine hulala chini akifungua na kufunga nipo, lile tundu dogo ambamo upepo hutokea pamoja na mafuta. Huku kwetu anayekaa ndani karibu siku zote ni mke. Wanawake wangapi wa kilima hiki wamemaliza Jumamosi zao kwenye kiti cha gari, wakiamrishwa na sauti kutoka chini: kanyaga, shikilia, achia?

Lorraine alikanyaga, akashikilia, akaachia. Baada ya nusu saa alisema, "Delbert, hii pedali laini. Kama nakanyaga mkate."

"Breki mpya hizo. Zitakaa zenyewe."

"Upepo haujatoka."

"Umetoka. Mafuta yanakuja safi, nayaona kwa macho yangu."

"Wewe unayaona. Mimi ndiye ninayekanyaga."

Ndugu msomaji, mguu uliokuwa ukisema maneno haya haukuwa mguu wa kubahatisha. Lorraine ameendesha basi la shule miaka kumi na tisa, kwenye vilima hivihivi, mvua na theluji. Kila asubuhi hukagua breki kabla hajapakia mtoto hata mmoja. Lakini Delbert alichomoa kichwa chini ya gari, akatuona majirani watatu tumesimama tunatazama, akaona amepata watu wa kuwachekesha.

"Jamani, mimi niliazima mguu," alisema, "sasa umekuja na mdomo."

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Lorraine aliweka kikombe chini, akateremka, akaingia nyumbani bila kufunga mlango kwa kishindo. Nilipaswa kujua kwamba mlango uliofungwa taratibu namna ile ni mzito kuliko makelele.

Jioni Delbert alilijaribu gari kwenye uwanja tambarare wa kuegeshea nyuma ya kanisa. Alikanyaga haraka mara tatu, yaani akapampu, mpaka pedali ikapata nguvu, gari likasimama. Akarudi akipiga honi.

Sasa jueni kilichokuwa kinangojewa. Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Mei, kabla shule hazijafungwa, magari ya klabu huwabeba wahitimu wa sekondari na kushuka nao Mtaa wa Kanisa hadi uwanja wa mpira. Watu hujipanga pande zote mbili, watoto wadogo wakikaa ukingoni mwa barabara miguu ikiwa juu ya lami. Joelle, binti pekee wa akina Hruska, alikuwa anahitimu, na angepanda Chevelle ya baba yake.

Wiki nzima Lorraine alimwomba mumewe amwite mzee Pruitt. Jumatatu Delbert aliligeuza mzaha. Jumanne aliongeza sauti ya redio. Jumatano alianza kulia chakula chake gereji, sahani juu ya meza ya spana. Joelle alibaki katikati. Alimwambia mama yake kwamba ni afadhali apande tu, kuliko kumwona baba yake akiaibishwa mbele ya klabu. Tazameni kiburi kinavyofanya kazi: binti wa miaka kumi na minane anapima shingo yake na heshima ya baba, na anaona heshima ndiyo nzito.

Ijumaa mchana, nikiwa barazani kwetu, niliona Delbert akiwasha gari mbele ya gereji. Joelle alikuwa kando yake, amevaa joho. Njia yao ya kutokea huteremka moja kwa moja hadi barabarani. Ndipo basi la njano la shule lilipopanda kilima. Lilikuwa tupu, watoto wote wameshateremshwa. Lilikata kona, likasimama kuziba mdomo wa njia ile, taa nyekundu zikiwaka. Lorraine alivuta hendibreki, akashuka, akaenda kufungua mlango wa abiria.

"Shuka, mwanangu."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Shuka."

Joelle alimtazama baba yake, kisha akashuka. Magari mengine ya klabu yalikuwa yameanza kukusanyika barabarani, lile la mzee Pruitt likiwa la mbele. Delbert alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimwambia mkewe aondoe basi.

"Nitaliondoa," Lorraine alisema. "Kwanza wewe teremka mpaka pale kwenye sanduku la barua, ukanyage mara moja. Usipampu. Ukisimama, nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Na nisiposimama?"

"Ndiyo maana nimeleta basi."

Delbert aliachia gari. Halikwenda hata kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Penye sanduku la barua alikanyaga, nami nikaona bega lake likizama, maana pedali ilizama hadi sakafuni. Breki za nyuma, ambazo hakuzigusa, zilishika kidogo tu. Pua nzito ya gari iliendelea mbele. Chuma kililia. Taa moja ilipasuka, na wavu wa mbele ukajikunja ubavuni mwa basi.

Hakuna aliyeumia. Delbert alibaki ameshika usukani, akitazama juu ya basi, kule Mtaa wa Kanisa unakoteremkia. Sijui aliona nini. Mimi niliona watoto wamekaa ukingoni.

Mzee Pruitt alipiga magoti kando ya gurudumu, akachungulia muda wa kumeza mate. "Delbert," alisema kwa upole, "nipo zako zinatazama chini. Kalipa ya kushoto umeifunga kulia, ya kulia kushoto. Upepo hukaa juu, bwana. Hata ungemwaga mafuta kwa chini mwaka mzima, upepo ungebaki pale pale."

Delbert alishuka, akamwendea mkewe. "Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia."

Joelle alishuka kilima ndani ya gari la mzee Pruitt, wazazi wake wakitembea kwa miguu nyuma ya msafara. Lorraine mwenyewe alipiga simu kazini kueleza alivyolitumia basi, kabla hajaulizwa. Walimsimamisha hadi muhula mpya. Delbert alikwenda ofisini kwao kukiri kwamba kosa ni lake, lakini sheria ilibaki sheria. Kwa hiyo asubuhi zilizofuata dereva mwingine alipita na watoto, nao walimpungia Lorraine dirishani. Alitabasamu, ila nilimwona akifuta macho. Kiburi cha mmoja kililipwa na mwingine.

Jumapili, siku mbili baada ya msafara, kalipa zilibadilishwa upande. Mzee Pruitt alisimama pembeni, mikono mfukoni. Lorraine alikaa ndani.

"Lorraine," ilisema sauti kutoka chini, "mguu unasemaje?"

"Bado."

Akafungua nipo tena. "Sasa?"

"Bado kidogo."

Akafungua tena. Safari hii Lorraine alikanyaga, akakaa juu ya pedali kwa uzito wake wote, akatulia. "Sasa ni jiwe," alisema. "Lakini rudia mara moja zaidi."

Delbert akarudia.

FUNZO LETU

Ndugu zangu, ujuzi ni kitu kizuri, na kujitengenezea mwenyewe ni fahari halali. Lakini ujuzi unaokataa kukaguliwa huwa hatari kwa wasio na hatia. Tuwasikilize walio karibu na kazi zetu, hasa tunaowaona kuwa wasaidizi tu, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaohisi kile ambacho macho yetu hayaoni. Na sisi tunaosimama kutazama, tusiuze kicheko chetu kwa bei rahisi. Laiti mmoja wetu angenyamaza Jumamosi ile, huenda Delbert angesikia. Naamini tunaweza kubadilika, kwa kuwa nimemwona mtu mzima akibadilika chini ya gari lake mwenyewe. Anayekuambia "bado" hakuzuii kwenda. Anataka ufike.