Bi Harusi wa Siku za Meli

"Vuta, Anti. Vuta mpaka pumzi iishe," Drusila aliniambia, amenipa mgongo nyuma ya jiko la kuku.

Nikavuta kamba za gauni. Gauni lenyewe ni la kampuni, limeshonwa limkae yeyote, kwa hiyo halimkai mtu. Kwapani limeota chumvi.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimechoka, Anti Perlene. Kukonda ni kwa wenye nafasi."

Meli ilikuwa imetia nanga tangu asubuhi, nyeupe kama jokofu lililolazwa. Abiria walishajaa ufukweni, wamejipaka mafuta, wanaingoja Harusi ya Kisiwani. Ndiyo kazi ya Drusila hiyo. Meli ikija, anaolewa na Renaldo mbele ya watalii, ngoma zinalia, picha zinapigwa, meli inaondoka, na sisi tunapanda boti kurudi kwetu ng'ambo. Kampuni imekipa kisiwa jina la Lulu. Sisi ambao babu zetu walifugia hapa bado tunakiita Kisiwa cha Nguruwe.

Na msicheke: Renaldo ni mchumba wake wa kweli. Maskini Drusila, anaolewa kila wiki na hajaolewa bado.

Kwetu mwanamume haoi mpaka ajenge. Nyumba ya Renaldo imefika kwenye paa mara mbili, na mara mbili kimbunga kimebeba mabati. Watu wakachoka hata kumuuliza.

Simu ya Drusila ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni yangu, maana gauni halina mfuko.

"Nani huyo?"

"Dada yako Yolande."

"Nisomee."

Mdomo wangu haujui breki. Nikasoma:

"Dru, nimepita kwa Renaldo. Nyumba imeezekwa. NA INA MAPAZIA! Ya njano, ya maua. Huyo mwanamke wake hata kutundika hajui, maua yametazama chini. Pole mdogo wangu."

Nikatamani kuimeza simu. Kwetu nyumba anajenga mwanamume, lakini pazia anatundika mwanamke, siku anayoingia. Ukiona pazia dirishani, ujue mwenye nyumba keshafika.

Drusila hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Ndiyo maana Jumapili hashiki simu," alisema polepole.

"Muulize kwanza. Ngoja..."

"Nimengoja, Anti. Nimengoja mpaka kungoja kwenyewe kumenichoka."

Akachukua shada lake la maua ya plastiki, akaenda kuolewa.

Mchungaji wa harusi hii ni Kendal. Asubuhi anachoma kuku, mchana anavaa joho. Renaldo alikuwa amesimama chini ya tao la makuti, macho mekundu kama mtu aliyekesha.

"Ndugu abiria!" Kendal akapaza sauti. "Kama yupo mwenye pingamizi, aseme sasa, au anyamaze mpaka meli ing'oe nanga!"

Abiria wakacheka, kama wanavyocheka siku zote. Drusila akainua mkono, na shada lake juu.

"Mimi ninalo."

Kicheko kikazidi. Walidhani ni mchezo. Kendal akamwinamia:

"Wee Dru, jua limekupiga?"

"Nani ametundika mapazia, Renaldo?"

Renaldo akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Kumbe yapo!"

"Ooooh!" wakaitikia abiria. Mama mmoja mwenye kofia kubwa akapiga kelele, "Mwache huyo, dada! Wanaume ni wale wale!"

"Dru, twende pembeni."

"Pembeni wapi? Kisiwa chote hiki ni ufukwe. Sema hapa hapa. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyetundika."

Drusila akacheka kicheko kimoja kikavu. "Mwanamume atundike pazia? Renaldo, basi hata kunidanganya umechoka? Nidanganye vizuri."

"Bwana harusi," Kendal akasema, "hilo hata mimi sikuungi mkono."

Renaldo akatuangalia mmoja mmoja, akakosa anayemwamini. Hapo ndipo ujumbe wa Yolande uliponirudia kichwani. Nikapenya katikati ya abiria na aproni yangu.

"Wee Renaldo! Maua ya hayo mapazia yametazama wapi?"

"Ha?"

"Juu au chini?"

"Anti, si maua tu? Kwani yana juu na chini?"

Nikashika kiuno, nikacheka mpaka machozi. "Drusila mwanangu! Yupo mwanamke aliyezaliwa kwetu atakayetundika maua kichwa chini? Huyu ni mwanamume na ngazi yake!"

Renaldo akasogea.

"Paa limeniaibisha mara mbili, Dru. Mara zote mbili nilikuwa nimeshakuahidi. Nikasema safari hii nafunga mdomo. Jumapili ninazozima simu, niko juu ya mabati. Leo jioni nilitaka boti ipite upande ule, ulione dirisha ukiwa mbali, ujue pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe. Nguvu ya kumjengea mwingine naitoa wapi? Usiku kucha nimehangaika na pazia moja."

Drusila alimtazama sana. Renaldo alikuwa na rangi ya ukutani nyuma ya sikio, hakuiona alipooga. Drusila akaifikicha kwa kidole gumba. Haikutoka.

Kendal akakohoa. "Sasa... Bi harusi, unakubali?"

"Sikubali."

Drusila akashusha shada.

"Hapa sikubali tena. Nimesema 'nakubali' kwenye mchanga huu mpaka neno limekwisha utamu, kama chingamu. Akinitaka, aende kwa mchungaji wa kweli. Samahani, Kendal."

"Hamna shida. Kuku wangu wenyewe wanaungua."

Msimamizi wa burudani akaja mbio na redio yake ya mkononi. "Safi sana! Hiyo ya pingamizi tuiweke kila meli!"

Drusila akampa shada lake.

"Anti, nilegeze."

Nikamfungua kamba hapo hapo. Gauni likaanguka mchangani, akabaki na kaptura na fulana yake ya kazi. Akalikanyaga, akaenda kukaa kivulini na sahani ya wali wa mbaazi. Renaldo akamfuata. Walikula sahani moja, wameegemeana mabega kama magunia.

Walifunga ndoa Jumamosi isiyo na meli, kanisani kwetu. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kanisa zima tulimgeukia bi harusi.

"Endelea tu, Baba Mchungaji," alisema. "Miguu inaniuma."

Safari hii neno lilimtoka taratibu, kama mtu anayelionja. Hakuna mtalii aliyepiga makofi. Mimi nilipiga, nikafinywa na Yolande.

Nimekwenda kwao juzi kutafuta umbea. Mapazia bado maua yametazama chini. Nikamwambia Drusila nipe kiti, niyageuze.

"Yaache, Anti," alisema, amelala kochini, miguu juu ya mapaja ya Renaldo aliyekuwa anakoroma. "Aliyeyatundika namjua."