Shemeji Alivyonijazia Ofisi Makapi ya Chai

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, fundi wa viti hapa Sotik, ingawa asili yetu ni kule ziwani. Cheti changu cha ufundi nilikipata kwa masomo ya jioni, na kwa furaha nikakitia fremu kubwa kuliko dirisha. Wasomaji wenzangu, mtu anayecheka kama mimi hamwezi kudhani amewahi kulia. Nimelia…

Mke wangu Chebet alikuwa mpokezi wa simu na wageni katika ofisi moja ya majani chai mjini Kericho. Sauti yake ilikuwa tamu! Wakulima walikuwa wanapiga simu hata wakiwa hawana shida yoyote, mradi tu waambiwe "subiri kidogo."

Kisha ofisi ikajengwa upya, kisasa. Kuta za ndani zikaondolewa, watu wote wakawekwa ukumbi mmoja wa vigae na vioo. Kelele ikawa ya kufufua wafu. Mhasibu akipiga chafya, mlinzi wa geti ndiye anayemwambia pole. Chebet alikuwa anarudi nyumbani koo limechoka kwa kupaza sauti kwenye simu.

Akanisemea kwa meneja kwamba mume wake anaweza kuizima hiyo kelele. Meneja akakubali kwa sharti moja: dawa ya kelele isionekane. Hakutaka ofisi yake ifanane na duka la magodoro. Nikawaza… nikapata. Vijimto vya sufu ya kondoo, nivifiche chini ya meza na nyuma ya picha za kitambaa zilizoning'inia ukutani. Sauti ikigonga sufu huzama kama mguu kwenye matope.

Sufu nilimwagiza shemeji yangu Wesley, kaka yake Chebet, kibarua wa kiwanda cha chai, ambaye alisema anajua wafugaji wa kondoo. Akaleta vijimto vimeshonwa tayari.

"Shemeji, nimekurahisishia," akaniambia. "Mama watoto ameshona vyote. Wewe bandika tu."

Vilinukia chai. Lakini ndugu zangu, huku kwetu ni nini hakinukii chai? Hata Biblia yangu inanukia chai. Sikushuku chochote…

Mwanzoni ofisi ilitulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Meneja alinisalimia kwa mkono mpaka ukafa ganzi.

Halafu mvua zikaingia. Chai kavu hunywa unyevu na harufu, kila mchumaji anajua. Ukumbi ukaanza kunuka samaki wa omena wa huyu na mafuta ya nywele ya yule, kisha ukaja ukungu, ule unaoota kwenye mkate uliokaa. Watu wakapiga chafya. Na Chebet, ambaye meza yake niliijaza kuliko zote kwa mapenzi, akaanza kukohoa. Kifua kikabana. Sauti ikakauka… Daktari akasema anavuta ukungu.

Meneja akapasua kijimto kimoja mbele ya watu. Badala ya sufu yakamwagika manyoya ya kahawia ya majani ya chai, yale makapi mepesi yanayofagiliwa chini ya mashine za chai.

"Fundi," akauliza, "hawa ni kondoo wa wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilitafuta shimo la kuingia.

Nilipomfuata Wesley, alinitazama bila kupepesa. "Mimi nilibeba tu. Fundi ni wewe."

Na Chebet? Alimwamini kaka yake. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani? Kazi ya simu akapewa mwingine, maana mpokezi asiye na sauti ni wa nini? Akafunga nguo zake, akaenda kwao Kabianga.

Baadaye mke wa Wesley alishindwa kuvumilia kile kikohozi, akamwambia Chebet ukweli: walishona makapi wakijua. Chebet akanipigia simu, sauti kama karatasi inayochanika.

"Mume wangu, Wesley ameniumiza. Lakini mezani kwangu uliyabandika wewe. Hukupasua hata kimoja uangalie?"

Nikakiri: hata kimoja.

Wasomaji wapendwa, undugu ni mtamu, lakini msipokee kitu kilichoshonwa tayari, hasa kile kitakachofichwa. Kinachoonekana kitakaguliwa na kila mpita njia. Kilichofichwa kinakutegemea wewe peke yako. Pasua, tia mkono, hata kama mshonaji ni mama mkwe. Akinuna, na anune.

Bado namwomba Chebet arudi. Jioni nikipiga simu Kabianga hupokea, hujaribu kunisalimia… na siku nyingine nasikia pumzi tu.