Pipa la Milimita Tatu

"Mumelibeba wawili tu?" Adélaïde aliuliza.

Mafundi wawili waliitikia kwa kichwa, wakaenda zao kunywa maji. Pipa la chuma, refu kuliko mtu, lilikuwa limelala mbele ya karakana ya Seifu mchomeleaji, mtaani Jabe.

"Wako na nguvu," Seifu alijibu, lakini hakumtazama.

Ilikuwa mwaka 1998. Adélaïde alikuwa mchoraji wa mitambo kwenye biro moja ya wahandisi, mtaa wa Quartier Asiatique, na kwa miezi minne alikuwa akichora kwa kompyuta mtambo wa zahanati ambako Mwanne, dada yake Seifu, alikuwa mkunga. Madirisha ya chumba cha kuzalishia yalizibwa kwa mifuko ya mchanga kwa sababu ya risasi za vita. Umeme ukikatika, hata saa sita mchana ni giza. Mtambo wenyewe haukuwa na maajabu. Umeme ukiwepo, kompresa inashindilia hewa ndani ya pipa. Ukikatika, hewa inafunguliwa, inazungusha dinamo, taa zinawaka.

Yeye akichora, Seifu akichomelea, wakazoeana, wakapendana. Seifu alipomwomba amuoe, Adélaïde alisema atajibu taa zikiwaka.

Sasa alirudi bironi, akafungua mchoro. Kwa bamba la milimita nane, pipa lile lilitakiwa kuwa na kilo mia mbili na sabini. Watu wawili walilibebaje? Akapiga simu dukani kwa Uthmani, jirani wa karakana, akaomba aitiwe Seifu.

"Seifu, lile bamba ni milimita ngapi?"

"Nane, kama ulivyochora."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Nane, Adélaïde. We hauniamini?"

Asubuhi yake alikwenda na kipimo, akapima kwenye tundu la valvu.

"Tatu," alisema.

Seifu akakaa juu ya tofali. "Na embargo hii, mipaka imefungwa, bamba la nane ningetoa wapi? Nilikata bodi la lori. Ulisema utajibu taa zikiwaka. Mi nikafanya haraka."

"Shinikizo la bari kumi na tano ndani ya chuma cha kutu. Likipasuka, ni nani yuko karibu?"

Seifu akakwaruza rangi ya pipa kwa kucha.

"Ni Mwanne. Na mama aliyelala kitandani. Chuma ningekusamehe, Seifu. Lakini kwenye simu nilikuuliza mara mbili."

Wiki tatu hakukanyaga Jabe. Seifu akipiga simu bironi, Adélaïde alimwomba mwenzake aseme hayupo, kisha anabaki mbele ya kompyuta bila kuchora hata mstari mmoja.

Wiki ya nne Mwanne mwenyewe alikuja na karatasi.

"Amesema usome. Kama hautaki kujibu, apana kujibu."

Iliandikwa hivi: "Nimepima mabamba yote. Mengine tatu, mengine mbili na nusu, kutu imekula. Ushono wa nyuma wa pipa nilichomelea vibaya, una matundu ndani, nikapaka rangi juu. Nimeukata. Chora kwa haya yaliyopo, ao tuache."

Adélaïde alisoma mara mbili.

"Huo ushono nisingeuona kamwe," alisema.

"Nilimwambia hivyo," Mwanne alijibu. "Akasema ndiyo sababu ameuandika."

Akachora upya: bari nne tu, mapipa manne, taa moja badala ya tatu. Seifu alipomaliza, waliyajaza maji kwanza, wakaongeza shinikizo mpaka bari nane. Hayakuvuja hata tone.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Mwanne akafungua valvu. Ndani kulikuwa na mama kutoka Kamenge, yuko katika uchungu, na taa ikawaka juu yake. Adélaïde na Seifu walisimama ukumbini, wakisikiliza dinamo.

"Hauniulizi?" Adélaïde alisema.

"Naogopa."

"Nilikubali siku niliposoma karatasi yako."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa na mchoro wa kumaliza." Akamgeukia. "Lakini mi nabaki Mukatoliki."

"Najua. Na mi Muislamu. Twende komini basi, kwa serikali."

Wakaoana komini mwezi wa nane. Mwanne, shahidi wa bwana harusi, alichelewa saa nzima, akaingia na aproni yake ya zahanati, akasema: mtoto wa kike, kilo tatu na nusu.