Siku Niliyovuta Pazia la Mama Mkwe

Nina umri wa miaka arobaini na nne. Ni mkulima wa karoti na kabichi hapa Lushoto, na naishi peke yangu katika nyumba yenye televisheni kubwa ambayo siku hizi siiwashi. Wasomaji wenzangu, msinicheke nikiwaambia kwamba mkasa wangu ulipitia kwenye hiyo televisheni...

Mke wangu, Zaina, nilimuoa kutoka Mgwashi, upande wa Bumbuli. Tuliishi vizuri ingawa Mungu hakutujalia mtoto. Majirani walisema yao, sisi tukanyamaza. Nilimpenda Zaina! Sioni aibu kuliandika hilo hata leo.

Siku moja mama yake aliteleza shambani akavunjika mguu. Mashamba ya kule yamesimama kama ukuta, mtu akiteleza hujui atakomea wapi. Mama alikuwa mjane na Zaina ndiye mwanawe pekee, kwa hiyo tukamleta kwetu awe karibu na hospitali. Kabla hajaanza kutembea sawasawa, Zaina akapata kazi ya jikoni kwenye kambi za watalii huko Arusha. Mwaka mmoja tu, akasema. Nilimsindikiza mpaka Mombo, akapanda basi, akanipungia mkono dirishani. Nikarudi mlimani, na nyumbani tukabaki mimi na mama mkwe.

Kwa msomaji asiyeijua mila yetu, hapa lazima nieleze. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini mama Zaina alikuwa mtu wa zamani. Hatukuketi chumba kimoja wala kula pamoja, na jina langu hakuwahi kulitamka. Aliniita "baba". Akitaka kupita sebuleni anakohoa kwanza, nami natoka nje. Nikitaka kwenda uani nakohoa mimi, naye anajifunika kanga na kugeukia ukutani. Niamini, miaka yote ya ndoa yangu sikuijua sura ya mama mkwe wangu!

Basi tukaishi hivyo, watu wawili wa kukoholeana. Mwaka ukaisha na Zaina hakurudi. Alisema mkataba umeongezwa. Nikitaka kumfuata, ananiambia wamehamishiwa mbugani ambako hakuna usafiri wala mtandao wa uhakika. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa mke wangu.

Ile televisheni aliituma yeye, pamoja na king'amuzi, ili mama asichoke kukaa. Lakini itakaa wapi? Ikikaa chumbani kwa mama, mimi sitaiona. Ikikaa sebuleni, yeye hawezi kuja. Mwishowe mama mwenyewe akasema kutoka uani, "Baba, si kuna pazia?" Akaweka kigoda chake kwenye korido, nyuma ya pazia la mlango, akaacha upenyo mdogo wa kutazamia. Mimi nikakaa kwenye kochi, kisogo kwake. Heshima ikabaki mahali pake.

Mama alikuwa na kipindi chake. Vijana kutoka mikoa mbalimbali wamewekwa kwenye nyumba moja, wanashindana kuimba, na kila Jumamosi baada ya alasiri mmoja anatolewa kwa kura za watazamaji. Sitakitaja jina. Yeye alikuwa amewajua wote kwa majina, nani anakoroma, nani amegombana na nani jikoni. Mimi nilikitazama mara ya kwanza kwa sababu mvua ilinizuia kwenda shamba, na nikakidharau palepale.

"Mama, hawa wamepangiwa," nilisema bila kugeuka. "Wanalipwa walie."

Pazia likanijibu, "Machozi hayapangwi, baba."

"Haya, huyo mpiga picha alijuaje kwamba binti atalia, mpaka akamsogelea hivyo?"

"Alijua kwa sababu anamtazama."

Nilicheka sana siku ile. Laiti ningejua nilikuwa naambiwa nini!

Jumamosi iliyofuata nikatazama tena, ili nimwoneshe mahali walipodanganya. Na iliyofuata. Nilikuwa mbishi kweli! Jaji akisifu, nasema amehongwa. Mshiriki akianguka jukwaani, nasema amefundishwa kuanguka. Mama naye ananijibu neno kwa neno, sauti yake ikiwa na kicheko. Kipenzi wake alikuwa binti mmoja wa Singida, mwembamba, mwenye sauti nzito. Kwa kuwa mama hakujua kuandika ujumbe, alisukuma simu yake chini ya pazia, mimi nampigia kura yule binti, kisha nairudisha kwa njia ileile. Sikuwahi kufungua kitu kingine kwenye simu ile. Mungu ni shahidi wangu.

Kabla sijajitambua nikawa natoka shambani mapema Jumamosi. Karoti zinanisubiri mtoni kuoshwa, gari la kushusha mzigo Mombo linapiga honi, mimi nipo kwenye kochi naapa kwamba kura zimeibwa! Mchuuzi wangu alinishangaa. Hakujua kwamba katika nyumba ile, siku sita zilikuwa za kukohoa tu, na Jumamosi ndiyo siku niliyozungumza na binadamu.

Tulizungumza hata mambo mengine, tukijificha nyuma ya walewale vijana. Akisema yule wa Kigoma ni mpweke, najua anauliza kama nimekula vizuri. Nikisema yule wa Pwani ana bahati, anapigiwa simu na mkewe kila wiki, mama ananyamaza. Ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba na baridi ikaingia chini ya mlango, alikuwa akiniachia chai ya tangawizi mezani kabla kipindi hakijaanza. Anakohoa, natoka, narudi, naikuta imefunikwa kwa kisahani. Nilimkosa mama yangu mzazi nikiwa mdogo. Sikujua kwamba mtu anaweza kumpata mama ambaye hajamwona uso.

Na alikuwa analia! Kila mshiriki alipotolewa nilimsikia akivuta makamasi nyuma ya pazia. Baadaye akawa analia hata wiki ambayo hakutolewa mtu. Mimi nikamfanyia utani. "Mama, utamaliza machozi na fainali bado!" Alicheka kidogo, akajipangusa. Nilijua kwa sababu nilisikia kanga.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Ilikuwa siku ya familia kuwatembelea washiriki. Mama wa binti wa Singida akaingia, wakakumbatiana, ukumbi mzima ukapiga makofi. Halafu, mbele ya watu wote, yule mama akamwambia mwanawe kwamba baba yake amefariki na ameshazikwa. Kumbe walimficha tangu mashindano yalipoanza, asije akavunjika moyo!

Nilikasirika mpaka nikasimama. "Huyo si mama, huyo ni katili! Mtu anachekewa kila siku na kumbe wenzake wote wanajua! Bora angeambiwa, hata kama ni kufa afe!"

Matangazo yakaingia. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuizoea, sauti iliyokauka.

"Baba... punguza sauti ya hiyo televisheni."

Nikapunguza.

"Zaina hatarudi."

Nilidhani Zaina amekufa! Nikauliza amefia wapi, nani amepiga simu... Mama akasema hapana, hajafa. Anaishi Arusha mjini. Anaishi na mwanamume mwingine, na wamezaa mtoto. Mambo ya mbugani yalikuwa uongo. Alimwambia mama yake kwa simu tangu zamani, akamwapisha asiseme, akilia kwamba atakuja kuyaweka sawa mwenyewe. Mtoto ameshaanza kutambaa.

Mtoto! Wasomaji wenzangu, mnajua neno hilo lilivyoniingia? Miaka yote ile ya kunyamazia majirani...

Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia. Akajibu polepole, "Ningekuwa nani humu ndani, baba? Ungenirudisha Mgwashi. Nilishazoea..."

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuiona tena. Niliona Jumamosi zetu zote, mimi nikibisha kuhusu jaji, yeye nyuma ya kisogo changu akijua kila kitu. Nikapiga kelele, "Kumbe kipindi chako nilikuwa mimi! Ulikuwa unanitazama mimi!"

Nikalikamata pazia nikalivuta. Fimbo ya pazia ikang'oka ukutani, vumbi likamwagika.

Mama aliruka kutoka kwenye kigoda na ule mguu wake mbovu. Akajitupa ukutani, akajifunika kanga kichwa kizima, mabega yakimtetemeka kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Mimi nilisimama na pazia mkononi. Hata hapo sikumwona uso.

Asubuhi nikakohoa, sikujibiwa. Jirani akaniambia amemwona akichechemea kuelekea stendi na kifurushi chake. Kwenye meza nilikuta chai, imefunikwa kwa kisahani, imepoa.

Je, nilimfuata? Sikumfuata! Nilikuwa na moto kichwani. Wiki ileile nikampigia Zaina. Hakukana. Alilia, akaomba radhi, akasema hakujua aanzie wapi. Nikamwandikia talaka, nikampelekea shehe, mambo yakaisha kisheria. Watu walinipongeza kwa kuwa mwanaume. Nikarudi nyumbani na pongezi zangu, nikafunga mlango.

Fainali niliitazama peke yangu. Nilikuwa nimelirudisha pazia mahali pake, sijui kwa nini. Yule binti wa Singida akashinda! Karatasi za rangi zikamiminika jukwaani, akapiga magoti, kamera ikamsogelea kabla chozi halijadondoka. "Unaona, mama? Wamepanga hawa!" nikasema kwa sauti, nikasubiri nijibiwe...

Nilizima. Nikakaa pale mpaka baridi ikanitoa.

Siku chache baadaye nilichukua kile kigoda chake, nikashuka Soni, nikapanda gari la Bumbuli na kuendelea hadi Mgwashi. Njiani nilipanga maneno yangu. Nitasimama uani, nitakohoa, atajifunika, nami nitamwomba msamaha nikiwa nimempa kisogo, kama tulivyozoea. Nitamwomba arudi. Zaina ni jambo lingine, lakini yeye arudi.

Nilifika nikakohoa. Mlango ukafunguka moja kwa moja.

Akatoka mwanamke mzee, mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Kanga ilikuwa mabegani, kichwa wazi, mvi zote nje. Alikuwa na macho makubwa kama ya Zaina na kovu dogo kwenye kidevu. Alinitazama usoni. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa na kugeukia ukuta wa nyumba yake!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Hemedi. Karibu."

Hemedi! Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina langu mdomoni mwake. Nikamwambia, "Mama, jisitiri, ni mimi mkweo." Akajibu kwa upole, na upole ule ndio uliniua.

"Mkwe wangu ni yule wa Arusha sasa. Ndiye ninayemficha uso. Wewe ni mgeni wangu. Geuka tu, hakuna haya tena baina yetu."

Nikageuka. Kwa dini najua ataendelea kuwa mama kwangu, na hata shehe aliniambia hivyo. Lakini kwa mila yake, uso ule ndio uliokuwa talaka yangu. Kila mpita njia anauona. Nilikuwa nimegeuzwa mpita njia.

Alinipa chai, nikamkabidhi kigoda chake, tukakaa tukitazamana, na hatukuwa na la kusema. Nyuma ya pazia tulizungumza mpaka magharibi, na hapa uso kwa uso maneno yalikuwa yamekwisha. Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe zamani, nami nimsamehe yeye. Nilimwomba arudi Lushoto. Akauliza, kama nani?

Nilipoaga, akanisindikiza mpaka mwisho wa migomba, akichechemea. Pale akasita.

"Yule binti... alishinda?" Kijijini pale hakuwa na televisheni, hakuwa amejua.

"Alishinda, mama."

Nikamwona akilia. Kwa mara ya kwanza nikauona mdomo wake ukitetemeka, macho yakimjaa kabla hayajamwagika, na nikaelewa kwamba mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba kilio kile hakikuwa cha binti wa Singida. Ndicho nilichokisikia Jumamosi zote zile nikakifanyia utani.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu niliyejiona mjanja. Niliwashuku majaji, wapiga picha, na vijana wa watu nisiowajua hata kwa salamu. Nyumbani kwangu sikumshuku mtu wala kumuuliza mtu. Na siku nilipoambiwa ukweli na mtu aliyeumia kuusema, nilimwadhibu yeye aliyekuwa karibu badala ya yule aliyenikosea. Mke alikuwa ameshaondoka zamani. Mama nilimfukuza mwenyewe, kwa mkono huu.

Nawaomba, msipite njia yangu. Ukiwa na hasira, usishike pazia, usishike kalamu, toka nje utembee kwanza. Na kama nyumbani kwako kuna mtu analia mbele ya televisheni, usiisingizie televisheni. Muulize analia nini.