Nani Aliifunga Bandeji Hii

Fundi vioo aliingia chumba cha majeruhi kwa miguu yake mwenyewe, wakati mabenchi yote yamejaa na watoto wanalia kwa kupokezana. Alikuwa ameanguka na kioo cha dirisha mikononi. Bega la kushoto lilikuwa limetoka mahali pake, na mkono wa kulia ulikuwa umechanika chini ya kiwiko, ameuzungushia shati ambalo asubuhi lilikuwa jeupe.

Muuguzi aliyempokea, Sista kama wagonjwa walivyomwita, hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kazi ile humfundisha mtu kushuku. Kila wiki huja mwanamume anayesema ameteleza bafuni, na kwenye vidole vyake kuna alama za meno ya mtu. Kwa hiyo alimwuliza fundi alivyoanguka, akamwuliza tena kwa njia nyingine, akaona maelezo yanalingana na majeraha. Ndipo akalainika kidogo. Daktari wa mifupa alilirudisha bega, picha ikapigwa kuhakikisha limekaa, na mkono wa kushoto ukafungwa kifuani. Sista akavigusa vidole vya kulia kimoja kimoja kuona kama vinahisi na kukunjika, akasafisha jeraha, akaanza kushona.

"Usitikisike," alimwambia.

"Sitikisiki. Wewe ndiye unayenitikisa," akajibu fundi, uso umesawijika kwa maumivu na bado anatania.

Tangu siku hiyo akampa jina, Sista Usitikisike. Alipokuja kubadilishiwa bandeji alivaa shati la buluu lililopigwa pasi, mkono mmoja wa shati ukining'inia mtupu, na manukato yaliyowafanya wauguzi wengine wakonyezane. Simu zikafuata. Akipiga mchana anauliza kama bibie amekula; akipiga jioni anadai kidonda kinamwulizia. Sista aliwahi kuchumbiwa na mtu aliyeficha kwamba ana mke, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata hivyo moyo ulishamwenda. Alikuwa amemdokeza mama yake kwamba huenda kuna mgeni atakuja nyumbani.

Ikafika siku ya kutoa nyuzi. Fundi akaketi, akanyoosha mkono. Sista akashika ncha ya bandeji, akasita. Yeye huzungusha kuelekea kulia, ndivyo alivyofundishwa. Hii ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto, imebana sawasawa, ncha imefichwa kwa ustadi. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua, tena anayetumia mkono wa kushoto.

"Nani amekufunga?"

"Ile yako ililowa nikioga. Nikajifunga mwenyewe."

"Kwa mkono upi?"

Fundi akautazama mkono wake wa kushoto uliofungwa kifuani, kisha akatazama dari. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikufika hata mlangoni. Sista akaifungua bandeji. Nyuzi zake mbili za katikati hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na uzi wa rangi nyingine, ambao chumba kile hakijawahi kuutumia. Alizitoa nyuzi zake, ule mgeni akauacha.

"Huo mwambie aliyeutia autoe," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Simu za fundi hazikupokewa tena. Sista alilala na kuamka na mwanamke mmoja kichwani, mrembo, anamfunga fundi bandeji sebuleni huku wakicheka. Akamshuku hata mwenzake wa kazini kwa sababu tu anaandika kwa mkono wa kushoto. Akamnunia kutwa nzima, na mwenzake asijue kosa lake. Mwishowe akapiga moyo konde. Alivua sare, akavaa gauni la njano na viatu vya kisigino, maana kama ni kufumania, heri afumanie akiwa amependeza. Akaenda karakana ya fundi. Dada yake fundi alikuwa anafuta vumbi kwenye vioo.

"Karibu, wifi. Amekwenda zahanati ya hapo nyuma kufungwa mkono," dada akasema bila hila.

Kule zahanati fundi alikuwa amejilaza kitandani, mkono uko wazi. Aliyekuwa akimhudumia ni mzee mwenye kipara na miwani minene, ameshika kibanio kwa mkono wa kushoto. Sista alisimama mlangoni na maneno yote aliyoyaandaa, hana wa kumwambia. Mzee akawatazama wote wawili, akaenda kunawa mikono polepole kuliko ilivyohitajika.

"Kulikuwa na kioo," fundi akasema. "Kipande kilibaki ndani. Kilikuwa kinanichoma kila nikikunja mkono, kikaanza kutoa usaha. Mzee alinituma kupiga picha, kikaonekana, akakitoa."

Sista akaikumbuka siku aliyomshona. Picha iliyopigwa siku ile ilikuwa ya bega tu. Ya mkono hakuna aliyeiagiza, na yeye alikuwa anajua kwamba jeraha la kioo halishonwi kabla ya kupigwa picha. Watu walikuwa wengi mabenchini, akaharakisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepata matatizo kazini. Nilikuwa nakulinda, mpenzi."

"Umenilinda mimi. Na atakayekuja kesho na kioo mkononi, nikamshona vilevile, yeye atalindwa na nani?"

Fundi akainuka, akaketi kitandani.

"Nilidhani una mwanamke," Sista akaendelea. "Wewe ulinitazama usoni ukanidanganya, na mimi nimekushika mkono. Nitakuaminije tena?"

"Sema nifanye nini."

"Kesho naenda kumwambia mkuu wa kitengo. Twende wote, auone huo mkono."

"Watakufukuza."

"Basi wanifukuze."

Hawakumfukuza. Mkuu alimfokea hadi sauti ikasikika mapokezi, akamwondoa kwenye kazi ya kushona mpaka afundishwe upya, akaagiza kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayeshona jeraha la kioo bila picha. Sista alitoka ofisini machozi yanamlengalenga, akaketi ukumbini. Aliona aibu, lakini pia aliona ametua mzigo. Fundi akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Utakubali kuolewa na mtu aliyekudanganya mara moja?"

Sista akamkazia macho. "Mara moja tu?"

Fundi akameza mate. "Mbili. Nilikuambia nina miaka thelathini na miwili. Nimetimiza thelathini na tisa."

"Najua. Nilikusikia ukiandikishwa mapokezi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione utalisema lini." Akafuta macho, akaushika ule mkono wenye kovu kwa uangalifu. "Jumapili uje nyumbani. Baba atakuuliza umri wako, na mimi nitakuwa nimekaa hapohapo nasikiliza."