Mkojo wa Kuazima

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na mlio wa cherehani ya mama yake. Alipiga mswaki, akamvisha mdogo wake wa miaka mitatu, akala, kisha akaenda shule akizungumza tangu mlangoni hadi darasani. Jina hilo la utani hakulipata bure. Mdomo wake haukujua likizo.

Wiki ile alinyamaza. Kila alipokwenda haja ndogo alisikia moto, kana kwamba ametiwa pilipili. Yalitoka matone mawili matatu tu, na kabla hajafika mbali alitaka kurudi tena. Choo cha wasichana shuleni hakikuwa na komeo, na wakorofi walipenda kusukuma mlango kusudi. Kwa hiyo mwezi mzima Chiriku alikuwa hanywi maji mchana, na akibanwa alijikaza hadi afike nyumbani.

Kilichomtisha zaidi hata ya maumivu ni maneno ya jirani yake wa dawati, msichana aliyejifanya anajua kila kitu chini ya jua.

"Mkojo ukichoma ni ugonjwa wa aibu," alimnong'oneza. "Wanaupata wenye tabia mbaya. Wakikupima tu, mama yako anaambiwa."

Chiriku alimwamini. Hakuwa amefanya ubaya wowote, lakini nani angemwamini yeye badala ya karatasi ya maabara?

Mama hakuchelewa kuona jinsi binti yake anavyojikunja. Aliwachukua wote wawili, mkubwa na mdogo, wakaenda zahanati. Mhudumu wa maabara akampa Chiriku kikopo chenye mfuniko na kumwonyesha choo. Mdogo wake naye alikuwa anarukaruka, amebanwa.

"Nenda na huyu," mama alisema.

Ndani ya choo, Chiriku alikitazama kile kikopo. Kisha akainama, akakishika chini ya mdogo wake.

"Kojoa humu."

"Hii siyo poti!"

"Leo ndiyo poti. Haya, upesi!"

Majibu yalitoka safi. Mama alishusha pumzi, na Chiriku alijiona mjanja kwelikweli kwa muda wa nusu saa hivi.

Keshokutwa yake aliamka akitetemeka kwa baridi huku mwili unawaka. Alitapika kila alichokunywa, na mgongo na tumbo vilimuuma upande wa kulia chini ya mbavu hata asiweze kusimama wima. Mama aliacha gauni la mteja kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imezama kitambaani, akambeba hadi zahanati.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliisoma ile karatasi ya maabara mara mbili.

"Mkojo wake ulikuwa safi, kwa hiyo tatizo liko kwingine," alisema. "Naogopa ni kidole tumbo. Nitampeleka hospitali kubwa. Kikiwa ndicho, atapasuliwa."

Chiriku alipiga hesabu. Akisema, aibu. Asiposema, kisu kwenye tumbo lisilo na kosa. Alimtazama mama, ambaye midomo ilikuwa imemkauka kwa hofu, akashindwa kuvumilia.

"Haukuwa wangu," alisema.

"Nini hakikuwa chako, binti?"

"Mkojo. Ulikuwa wa mdogo wangu." Akaangua kilio, akaeleza yote, pamoja na yale aliyoambiwa kwenye dawati.

Mama aliketi kwenye benchi. Daktari hakufoka. Aliagiza apimwe upya palepale, na safari hii vijidudu vilionekana tele.

"Una maambukizi ya njia ya mkojo," alimwambia akimwandalia sindano. "Yalikuwa kwenye kibofu, sasa yamepanda hadi kwenye figo. Tungechelewa, figo zingeharibika. Na sikiliza vizuri, mwanangu. Huu si ugonjwa wa tabia. Hata watoto wachanga huupata. Vijidudu vya haja kubwa vikiingia kwenye njia ya mkojo, na wewe hunywi maji, tena unajibana, vinapata nafasi ya kuzaana. Kunywa maji, usijikaze, na ukijifuta, anza mbele kwenda nyuma. Dawa hizi utazinywa hadi kidonge cha mwisho, hata ukijisikia mzima kabla."

"Ndiyo, daktari."

"Mimi natibu ninachoonyeshwa. Ukinidanganya, nitamtibu mtu ambaye hayupo, na wewe utabaki na ugonjwa wako."

Mama alikwenda shuleni kesho yake, na kabla ya kengele ya mwisho komeo lilikuwa limekwisha kupigiliwa. Siku ya tatu homa iliisha. Chiriku akasema amepona na dawa basi. Mama hakubishana naye, alimletea kidonge na glasi ya maji, akasimama kumtazama mpaka akameza.

Baada ya kumeza, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umenikasirikia?"

Mama aliketi kitandani na kumvuta karibu.

"Niliogopa kuliko kukasirika. Mtu baki alikutia hofu, ukamwamini yeye. Mimi niliyekuzaa hukuniuliza hata neno moja. Siku nyingine ukiogopa, niambie kwanza kwamba unaogopa. Ugonjwa tutautafuta baadaye, tukiwa wawili."