Chale za Mwana Tumu

Enzi hizo mji wa Pwakaa ungali na ukuta wa matumbawe, jeshi la bara liliuzingira likafunga kila njia. Na ndani ya ukuta, ndui ikaanza kuchukua watoto.

Mwana Tumu binti Ngao alikuwa mwanachuoni wa tiba. Wenye majoho walimwita wakiugua, wakamsahau wakipona. Alijua kuchanja: usaha kidogo wa mgonjwa aliyeshikwa kidogo, chale mkononi mwa mzima, homa, kisha kinga.

"Mchanje wako kwanza," Amiri Mwinyi Chande alimwambia barazani. "Tuone kama mkono hautatetemeka."

Akashika wembe, akakata.

"Mama, waniumiza nami sijakosa?" aliuliza bintiye, Mize.

Tumu akamfunga kitambaa juu ya chale. Homa ilipopanda alimpakata akidhani amemuua mwanawe kwa elimu yake mwenyewe. Mize alipofumbua macho akaomba uji, ua ulijaa akina mama, kila mmoja akitaka wake atangulie. Amiri naye akamleta mjukuu wake.

Ndui ikavuka ukuta, ikaingia kambini kwa maadui. Huko hakukuwa na wa kuwachanja. Waliobaki wakaacha ngao zao na vyungu jikoni, wakaenda zao. Amiri akatoka na upanga ambao haujaonja kitu, akachinjiwa fahali, akaimbiwa.

Lakini mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale wachache waliochanjwa wasiamke. Tena sokoni watu walinong'ona kuwa mji umeokolewa na mwanamke.

"Anayejua kumtia mtu maradhi," Amiri alisema barazani, "tumwiteje?"

"Niite ulivyoniita uliponiletea mtoto," akasema Tumu.

Hakuna aliyemtazama usoni. Akaamriwa atoke mjini kabla ya alasiri, asirudi.

Alipita na Mize jua la utosi, kifurushi kichwani. Wanawake walikuwa milangoni, wale wale wa uani kwake. Kila alipokaribia, mama alivuta mkono wa nguo ya mwanawe, akafunika kovu.

"Mbona wanaficha mikono?"

"Wanaona baridi, mwanangu."

Mize akatazama jua. Kisha akakunja nguo yake mpaka begani, akapita langoni hivyo hivyo, kovu nje.

Lango lile likaja kuitwa Lango la Chande. Wanawake wa Pwakaa waliendelea kuwachanja watoto, na wajukuu baada yao. Ukiwauliza nani aliwafundisha, walijibu, "Tumeikuta."